Unapoagiza chakula usichokijua Ubelgiji na Ufaransa

Mara ya kwanza nilipoagiza filet américain katika mkahawa mmoja wa Brussels, nilitarajia steki ya moto. Kilicholetwa kilikuwa tonge la nyama ya ng'ombe ya kusaga, jekundu na baridi, lililochanganywa na mayonezi na vitunguu, na chipsi pembeni. Nilidhani jikoni wamesahau kuipika, kumbe hicho ndicho chakula chenyewe: Wabelgiji huila nyama hiyo mbichi, na hata hupakwa ndani ya mkate na kuuzwa kwa jina la américain.

Kujua Kifaransa peke yake hakukuokoi, kwani ndugu aliyekisoma shuleni Goma au Bujumbura anaweza kunaswa vilevile, maana majina mengi ya vyakula hayataji kilichomo. Filet mignon, ambayo katika hoteli za Nairobi ni nyama ya ng'ombe, kule kwa kawaida ni ya nguruwe. Ris de veau si wali, ingawa ris na riz, yaani wali, hutamkwa sawasawa. Ni tezi ya ndama. Andouillette ni soseji ya utumbo, mara nyingi wa nguruwe, yenye harufu kali, na boudin noir ni ya damu. Salade liégeoise, inayoonekana kuwa maharage ya kijani na viazi tu, huwekwa vipande vya nyama ya nguruwe, na carbonade flamande ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa bia.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, muulize mhudumu mambo matatu: C'est quelle viande? yaani ni nyama gani. C'est cuit ou cru? yaani imepikwa au ni mbichi. Na Il y a du porc ou de l'alcool? yaani kuna nguruwe au pombe. Kwa steki, sema bien cuit, yaani iive kabisa, kwa sababu à point, yaani iliyoiva kiasi, kwao bado ina wekundu ndani. Mjamzito aiepuke kabisa nyama mbichi.

Nasisitiza kuuliza kwa sababu wengi wetu hutegemea orodha ya vyakula vinavyoleta mzio. Tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka mikahawa kuwapa wateja taarifa kuhusu vitu 14, vikiwemo karanga, maziwa, mayai, samaki na ufuta. Nguruwe na pombe havimo katika hivyo 14, hivyo Mwislamu anayeisoma orodha hiyo na kuridhika hajahakikishiwa lolote kuhusu dini yake.

Chakula kikishafika na ukagundua sicho ulichodhani, usikiguse; mwite mhudumu mara moja, umweleze kwa upole. Ikiwa wamekosea wao, wana wajibu wa kukibadilisha. Ikiwa umekosea wewe, omba tu, ukiwa tayari kukilipia, na usione haya kutaja kuwa dini au afya yako haikuruhusu.

Siku ile mhudumu alinisikiliza bila kukunja uso, akaichukua sahani, na baada ya dakika chache akairudisha ile nyama ikiwa imekaangwa, kahawia pande zote mbili. Nilimwomba airudishe tena, kwa kuwa katikati bado ilikuwa nyekundu.