Jinsi ya Kusoma Ukurasa wa Mtandao wa Printa ya Nyumbani

Kazi yangu ni kufunga printa na ruta majumbani na katika steshenari hapa Tanga, na malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara ni kwamba printa imegoma kwa sababu bando limeisha. Dai hilo huchanganya vitu viwili. Intaneti ni njia itokayo nje ya nyumba kupitia mtoa huduma, na hiyo ndiyo inayonunuliwa kwa bando. Mtandao wa ndani ni mawasiliano baina ya vifaa vilivyounganishwa na ruta moja, nao haulipiwi chochote. Barua unayoichapa kutoka kwenye laptopu hupita katika mtandao wa ndani peke yake, kwa hiyo printa ya kawaida ikishafungwa itaendelea kuchapa hata kama bando lilikwisha jana, isipokuwa kwa huduma chache, kama ile ya kuchapa kwa kuipelekea printa barua pepe. Ndiyo maana ninamsihi kila mwenye printa ayajue maneno ya mtandao wa ndani, na mahali pazuri pa kujifunzia ni ukurasa ambao printa yenyewe huuchapa kueleza hali yake.

Hatua ya 1: Pata ukurasa wenyewe

Kama printa ina kioo, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya mtandao au ya ripoti, kisha chagua kuchapa ripoti ya mtandao. Isiyo na kioo huamriwa kwa vitufe, na mpangilio wake umo katika kijitabu kilichokuja nayo. Tumia karatasi kavu, kwa maana hapa pwani rimu iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, karatasi zikashikana na kukwama.

Hatua ya 2: Soma SSID

SSID ni jina la waifai ambayo printa imejiunga nayo. Lilinganishe, herufi kwa herufi, na jina la waifai inayotumiwa na laptopu wakati huohuo. Mara nyingi nikifika nyumbani kwa mtu ninakuta printa iko kwenye ruta ya sebuleni ilhali laptopu imeunganishwa na hotspoti ya simu. Hiyo ni mitandao miwili, na kifaa cha mmoja hakiwezi kukiona cha mwingine. Ndivyo inavyokuwa pia laptopu ikiingizwa kwenye mtandao wa wageni, ambao kwa kawaida ruta huutenga kwa makusudi ili mgeni asifikie vifaa vya wenyeji. Ukiona katika orodha ya waifai jina linaloanza na neno DIRECT, mara nyingi huo ni mtandao unaorushwa na printa yenyewe: unafaa kuchapa pasipo ruta, lakini usiutumie kwa kutarajia intaneti.

Kama jina la waifai yako halionekani kabisa kwenye kioo cha printa, fikiria bendi, yaani masafa ya mawimbi ya waifai. Ruta nyingi za sasa hurusha bendi mbili, ya GHz 2.4 na ya GHz 5. Ya kwanza hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, na ya pili ina kasi kubwa lakini hufifia upesi. Printa nyingi za nyumbani hupokea ya 2.4 tu, kwa hiyo hakikisha imewashwa kwenye ruta kabla ya kuilaumu printa. Binafsi ninaipendelea bendi hiyo kwa printa hata pale inapoweza kutumia zote mbili, kwa kuwa kurasa chache za maandishi hazihitaji kasi kubwa.

Hatua ya 3: Soma anwani ya IP

Huu ndio mstari wenye maana kuliko yote. Anwani ya IP, ambayo kwayo vifaa hutafutana kwenye mtandao, ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255, na katika mitandao ya nyumbani mara nyingi huanza na 192.168. Ikiwa ukurasa unaonyesha 0.0.0.0, printa haina anwani yoyote. Ikiwa inaanza na 169.254, printa iliiomba ruta anwani, haikujibiwa, ikajipangia yenyewe. Washa upya ruta, kisha printa, uchape ukurasa tena.

Sasa tazama anwani ya laptopu. Ukurasa ukiwa na 255.255.255.0 kwenye mstari wa Subnet Mask, ambao ni wa kawaida nyumbani, namba tatu za mwanzo za vifaa vyote viwili lazima zifanane na ya nne itofautiane. Printa yenye 192.168.1.20 na laptopu yenye 192.168.1.35 zitaelewana. Laptopu ikiwa na 172.20.10.3, huenda imo kwenye hotspoti ya iPhone, nawe unarudi hatua ya pili.

Hatua ya 4: Tumia anwani ya MAC kuizuia IP isibadilike

DHCP ni utaratibu wa ruta kugawa anwani za IP, nao hugawa kwa muda. Umeme ukikatika na kurudi, printa inaweza kupewa anwani nyingine, na laptopu iliyounganishwa nayo kwa anwani ya zamani ikaendelea kutuma kazi kule kule na kutangaza kwamba printa haipatikani. Anwani ya MAC ni tofauti: ni tarakimu na herufi 12 zilizowekwa kiwandani. IP ni kama namba ya chumba cha gesti, MAC ni kitambulisho cha mgeni. Nakili MAC kutoka kwenye ukurasa, ingia kwenye mipangilio ya ruta kupitia kivinjari, tafuta sehemu ya DHCP ya kutengea anwani, uiandikie MAC hiyo IP moja ya kudumu. Usiruke hatua hii kama unaishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara.

Hatua ya 5: Rekebisha upande wa laptopu

Draiva ni programu inayotafsiri hati yako kuwa maagizo ambayo printa ya aina hiyo inayaelewa. Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa jina kamili la modeli, na hapa kweli bando litahitajika. Ongeza printa kwa anwani ya IP uliyoitenga. Kabla ya kuchapa, fungua foleni ya kazi na ufute zote zilizorundikana wakati printa ilipokuwa haipatikani, maana zikiachwa zitatoka mfululizo mara tu mawasiliano yatakaporejea, na wino utakaotumika ni wako.