Kuhama nyumba mwaka ambao mtoto anaanza chuo: mambo ya kuzingatia kabla

"Mama, shikamoo. Nimeshashuka Chanika. Sasa kwetu ni wapi?"

Binti yangu wa kwanza alinipigia simu hiyo jioni moja ya mwezi Machi, akitoka Dodoma kwa likizo ya baada ya muhula wa kwanza. Begi liko mgongoni, bodaboda wanamgombania, naye hajui awaambie wampeleke wapi. Tulikuwa tumehama kutoka Tabata kwenda Chanika wiki mbili tu baada ya yeye kuripoti chuoni. Nikamwambia ampe simu mmoja wa wale vijana nimwelekeze. Kabla simu haijakatika nilimsikia yule kijana akimuuliza, "Kumbe dada wewe ni mgeni huku?" Binti yangu akajibu, "Ndiyo, mgeni."

Neno hilo halijanitoka. Ndiyo maana nawaandikia wazazi ambao mwaka huu wamebeba mambo mawili kwa pamoja: kutoka nyumba ya kupanga kwenda kwenye kibanda chao, na kumpeleka mtoto chuo. Kwa Dar es Salaam mambo hayo mawili hukutana mara nyingi, kwa sababu mzazi aliyenunua kiwanja pembeni ya mji mtoto akiwa darasa la pili humaliza kuezeka mtoto akiwa kidato cha sita.

Anza na kalenda. Chukua karatasi uandike tarehe zote upande mmoja. Kidato cha sita wanamaliza mitihani Mei. Wengi wanakwenda JKT kwa mujibu wa sheria, matokeo yanatoka Julai wakiwa kambini, wanarudi wamekonda na wamepigwa jua, kisha vyuo vinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Ukiondoa siku za kambini, siku za kuhangaikia vyeti na siku za kwenda kusalimia bibi kijijini, utaona kwamba muda wa mtoto kukaa na nyinyi nyumbani ni mfupi kuliko ulivyodhani. Sasa weka kando yake tarehe ambayo kodi yenu inaisha. Baba mwenye nyumba wetu alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nayo ilikuwa inaisha katikati ya Novemba. Tukaona tusilipe miezi mingine sita wakati nyumba yetu ina bati tayari. Kwa hesabu ya fedha tulikuwa sahihi. Ila tungezungumza naye mapema, mwezi Agosti, tuombe tuongeze mwezi mmoja au miwili tu, au tungejikaza kuhama Septemba na kuta bila plasta. Ushauri wangu ni huo: hama mtoto akiwepo, au subiri likizo yake. Kinachoumiza ni kuhama katikati, akiwa ndiyo kwanza ameondoka na bado analala akiota chumba cha zamani.

Kuna sababu nyingine ya kuikwepa Novemba, nayo ni vuli. Barabara ya lami ikiisha, huku pembezoni ni udongo mfinyanzi. Canter yetu ilikwama mita kama mia tatu kutoka nyumbani, na magodoro yakalowa tukiyatazama. Na kama una mtoto wa kidato cha nne, Novemba usiiguse kabisa. Mtihani wa taifa ataufanyia pale alipoandikishwa, na ukimhamishia mbali utakuwa unamwamsha saa tisa usiku mwezi ambao anahitaji usingizi kuliko mwaka mzima. Walio madarasa ya chini wahamie Januari mwaka mpya wa masomo unapoanza. Barua ya uhamisho ifuatilie kabla shule hazijafungwa Desemba, maana ukichelewa utakuta ofisi ya mwalimu mkuu imefungwa.

Halafu karatasi. Fomu ya maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inataka sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa, na ya kamishna wa viapo. Mwenyekiti anayekufahamu ni wa mtaa uliokaa miaka, ambaye mjumbe wake wa shina amekula pilau kwako. Ukihama kwanza ndipo uanze fomu, utakwenda kwa mwenyekiti ambaye hajui hata sura yako, naye ana haki ya kukuuliza unatoka wapi. Kwa hiyo kamilisha kila kinachohitaji muhuri wa mtaa kabla ya kufunga kitanda. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA mapema, kwa Zanzibar ni wakala wa usajili wa kule, kwa sababu bila uhakiki huo maombi ya mkopo hayaendi. Mdhamini apatikane na kitambulisho chake kitolewe kopi wakati bado mnaonana naye kila siku.

Namba ya simu ya mtoto isibadilishwe mpaka amesajiliwa chuoni. Mwombaji aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo anachokitaka, na namba hiyo huja kwa ujumbe wa simu. Katika vurugu za kuhama, laini hupotea au simu huibwa. Nyaraka zote, yaani vyeti, namba ya NIDA, picha za pasipoti, fomu ya daktari, barua ya chuo, ziwekwe kwenye faili moja. Faili hilo lisipande kwenye gari la mizigo hata kama dereva ni mdogo wako wa damu. Mimi nililibeba kwenye mkoba begani siku nzima, na hilo nililifanya vizuri.

Kwenye fedha nitakuwa mkweli. Tulidhani mkopo ukishatoka basi chuo kimejilipa. Mkopo hutofautiana kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Mwingine hupata asilimia yote ya ada, mwingine sehemu tu, mwingine hupata fedha za chakula na malazi peke yake. Fedha hizo, ambazo wanafunzi wanaziita bumu, zilipandishwa kuwa shilingi 10,000 kwa siku, lakini siku ya kwanza mtoto anapofika hazimsubiri mlangoni. Lazima asajiliwe, akaunti yake ya benki ihakikiwe, asaini. Wiki hizo za mwanzo anakula kwa fedha ya mzazi. Wakati huohuo fundi wa nyumbani anadai ya milango, Canter inadaiwa, na dalali anapiga simu. Fungu la mtoto litengwe kwanza, likae kwenye akaunti ambayo fundi haijui na wewe mwenyewe huna kadi yake mfukoni: chakula cha mwezi mmoja na nusu, bima ya afya ya mwanafunzi (ya NHIF tulilipa 50,400 kwa mwaka), malazi, na nauli ya kurudi. Nauli ya kurudi mpe mkononi, asiombe. Mtoto anayejua anaweza kurudi nyumbani wakati wowote huvumilia upweke wa mwanzo vizuri zaidi. Nyumba inaweza kukaa bila dari mwaka mzima na hakuna atakayekufa.

Kama uko kwenye kikoba au mchezo wa mtaani, panga zamu yako ije kabla hujahama, ama uage vizuri ukiwa umemaliza deni. Waliobaki nyuma ndio watakaompokea mwanao siku akipita kuwasalimia.

Kuhusu umeme na maji sitasema mengi. Umeme uliobaki kwenye mita ya LUKU hauhami na wewe, kwa hiyo wiki mbili za mwisho nunua kidogokidogo. Huko mnakokwenda, maombi ya kuunganishiwa TANESCO yanataka mchoro wa fundi mwenye leseni, na kati ya kulipia na kuwashiwa taa kuna muda. Ombeni mapema msije mkaanza maisha na taa za simu. Maji, hakikisha tangi limejaa siku moja kabla. Mlango wa nje uwe na kitasa kipya, maana ufunguo wa zamani umeshapita kwenye mikono ya mafundi wote.

Nikae kidogo kwenye vitu vya mtoto, kwa sababu hapo ndipo tulipokosea zaidi.

Binti yangu alisoma bweni tangu kidato cha kwanza. Alikuwa na tranka lake la bati la rangi ya bluu, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe na marehemu babu yake. Alipokwenda Dodoma aliliacha Tabata, akaniambia ndani kuna daftari zake, barua za marafiki, sare ya mahafali na vitu vyake vingine. Siku ya kuhama tulikuwa na haraka, mvua inatisha. Nguo zake nikazitia kwenye shangazi kaja. Daftari nikampa mtoto wa jirani anayesoma kidato cha tano, nikaona nimefanya jambo jema. Tranka likapanda gari likiwa tupu, na tulipofika Chanika fundi akaliomba aweke misumari na saruji iliyobaki isinyeshewe. Nikamruhusu.

Alipokuja Machi alilikuta uani. Hakusema kitu. Jumamosi asubuhi nilimkuta amechuchumaa, anakwangua saruji iliyoganda kwa kisu, polepole, asiharibu yale maandishi meupe. Nilimwomba msamaha palepale. Akasema, "Haina shida, mama." Mzazi yeyote anajua sauti hiyo.

Kwa hiyo, kabla hajaondoka, kaa naye chumbani kwake angalau jioni mbili. Usimpangie. Mwambie agawe mwenyewe mafungu matatu: kinachokwenda chuo, kinachohamia nyumba mpya, na kinachotolewa, tena aseme apewe nani. Kama una wadogo zake, wakae hapo nao, maana kuna mashuka na viatu vitakavyoombwa, na ni vizuri wapewe na dada yao kwa mkono wake. Fungu la nyumba mpya lifungwe na yeye mwenyewe, aandike jina juu, na mwambie baba na wajomba wote watakaobeba kwamba hilo halifunguliwi. Usishangae akitaka kubaki na kitu ambacho kwako ni takataka.

Pia mwoneshe nyumba kabla. Hata kama ni msingi na kuta, mpeleke. Panda naye daladala ya Gongo la Mboto hadi Chanika, mshuke pamoja, mtembee, ajue duka la kona, mti mkubwa, nyumba ya mwenyekiti. Mwache achague wapi atalala, hata kama ni nusu ya chumba atakachogawana na mdogo wake. Sisi tulichora ramani ya vyumba vitatu tukahesabu: wazazi, wavulana, na sebule ya wageni. Mtoto wa kwanza tulimhesabu yuko chuo. Alipofika nilimtandikia sebuleni, na yeye akakunja godoro kila asubuhi kabla hatujaamka, kama wafanyavyo wageni wenye adabu. Miaka mitatu au minne ya chuo ina likizo nyingi ndani yake, na hata akimaliza hapati kazi siku ya mahafali. Kitanda chake kiwepo.

Safari ya kumpeleka isiangukie wiki ya kuhama. Siku hizi treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, inamfikisha kwa saa chache, lakini haipokei kila mzigo. Godoro na ndoo kubwa ni afadhali vitangulie kwa basi kutoka Kituo cha Magufuli Mbezi, au mnunue hukohuko. Mzazi mmoja aende naye hadi chumbani, hata kama nyumbani maboksi hayajafunguliwa. Sisi tuligawana: baba yake alikwenda naye, mimi nikabaki na mafundi. Nikipewa nafasi nyingine, mafundi wangesubiri siku tatu.

Wadogo nao waandae. Wanapoteza dada, marafiki wa mtaa na shule kwa mkupuo mmoja, na wao ndio hawaulizwi. Wa mwisho wetu alianza kukojoa kitandani baada ya kuhama, akiwa na miaka saba. Tulimkaripia mwanzoni, Mungu atusamehe. Kilichosaidia ni simu ya dada yake kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa ileile, bila kukosa. Siku hiyo iwekeni kabla mtoto hajapanda treni, na ijulikane nani anaweka vocha.

Likizo ya Agosti tulijenga ukuta mwembamba wa tofali kugawa sebule. Chumba ni kidogo, kinaingia kitanda cha futi tatu na nusu na meza. Rangi alichagua yeye, fundi aliisubiri hadi alipofika. Mlango wa nje una funguo tatu na moja ni yake. Tranka liko chini ya kitanda, limepakwa bluu upya kuzunguka jina, na kufuli alilinunua mwenyewe pale stendi ya Chanika siku ya kuondoka. Sijui amelijaza nini safari hii. Ufunguo alikwenda nao Dodoma.