Kumtafuta kambo (babu) aliyeenda vita na Force Publique asirudi

Familia nyingi za Lubumbashi zinaanza na jina, na hapo ndipo zinapokwama. Force Publique, jeshi la koloni la Ubelgiji, lilimtambua askari kwa namba ya matrikuli (namba yake ya usajili jeshini), na akina Kasongo na Ilunga walikuwa wengi mno. Kwa hiyo fungueni kwanza sanduku la chuma la bibi. Mnatafuta kitabu cha askari, karatasi ya pensheni ya mjane, au picha yenye mwandiko nyuma. Namba ikionekana, ipigeni picha kwenye mwanga wa mchana. Karatasi yenyewe msiitie plastiki ya moto: wino wa zamani unaharibika, na plastiki haitoki tena.

Medali inasaidia kidogo. Kwa kawaida Wabelgiji hawakuchonga jina la mtu juu yake, kwa hiyo inathibitisha vita tu. Someni kipande cha chuma kilichobanwa kwenye utepe: huwa na jina la mahali, kwa mfano «Abyssinie» (Abisinia, leo Ethiopia) au «Birmanie» (Birmania, leo Myanmar). Msiisugue kwa majivu wala ndimu.

Halafu amueni ni vita gani, maana wazee husema tu «alikufia kule vitani». Aliyezaliwa kabla ya 1900 huenda alipigana na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia: Abercorn (leo Mbala, Zambia), Tabora iliyotekwa 19 Septemba 1916, au Mahenge mwaka 1917. Kama alikuwa mpagazi, si askari, matumaini ni madogo; wapagazi walizidi 200,000 na majina yao mengi hayakuandikwa kamwe.

Aliyekuwa kijana mwaka 1940, wakati wa Vita vya Pili, mtafuteni kwanza Abisinia. Asosa na Gambela zilitekwa Machi 1941, na Waitalia wa Saio (leo Dembi Dolo) walisalimu amri 3 Julai. Wengi walipanda meli Juba, wakashuka Nile hadi Malakal, ndipo wakaelekea Ethiopia. Kwa hiyo kaburi laweza kuwa Sudan Kusini. Kuhara damu na beriberi (ugonjwa wa kukosa vitamini) viliua wengi katika kampeni ile, kwa kuwa chakula kilichelewa kwa sababu ya mvua. Ndiyo maana msiombe orodha ya waliopigwa risasi peke yake: ombeni pia ya waliokufa kwa ugonjwa. Baadaye wengine walipelekwa Nigeria, Misri na Palestina, na hospitali moja ya vita ya Wakongo ilifika Birmania pamoja na askari wa Afrika Mashariki.

Sasa tahajia. Karani Mbelgiji aliandika alivyosikia: Ngoy, Ngoie, Ngoi, Mwepu au Muepu, Kabulo au Kaboulo. Andikeni sura zote mnazoweza kufikiria. Wekeni jina la baba yake, kijiji, chifu, teritwari (eneo la utawala), na miji kwa majina ya enzi ile: Élisabethville (Lubumbashi), Jadotville (Likasi), Albertville (Kalemie). Mkiandika «Likasi» tu, mhifadhi wa nyaraka anaweza kupita kando. Kama alibatizwa, parokia inaweza kuwa na mwaka na majina ya wazazi. Hiyo inatenganisha Kasongo wenu na wa wengine.

Barua iandikwe kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, nakala za karatasi zikifuata, zipelekwe kwenye Nyaraka za Serikali ya Ubelgiji na Makumbusho ya Kifalme ya Jeshi, zote Brussels. Aliye na ndugu Kinshasa amtume pia kwenye nyaraka za taifa. Asili za karatasi zibaki nyumbani.

Kosa jingine: kutafuta kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Commonwealth na kukata tamaa. Tume ile inahesabu kwanza wafu wa Uingereza na makoloni yake. Kambo alikuwa chini ya bendera ya Ubelgiji, kwa hiyo kukosekana kwake mle hakuthibitishi kwamba hakufa vitani.

Jibu likirudi tupu, msirudie barua ileile. Ombeni shajara ya batalioni yake kwa miezi ile, kama batalioni inajulikana: vifo vingine huenda viliandikwa humo kwa namba ya matrikuli peke yake, bila jina.