Kabla hujamtafuta wakili wa ardhi ya wenyeji na ujenzi Australia

Mkandarasi anayeingia Australia, iwe kwa barabara, laini ya umeme au kambi ya wafanyakazi wa mgodi, mapema sana huambiwa atafute ofisi kubwa ya mawakili. Akifungua orodha za kupanga mawakili kama Chambers, Legal 500 au Doyle's Guide atakuta majina yamepangwa kwa madaraja: Ashurst, Allens, Clayton Utz na wenzao. Orodha hizo zinafaa. Shida ni kwamba haki ya ardhi ya wenyeji asilia ina ukurasa wake na ujenzi una wake, wakati saitini mambo hayo mawili huja pamoja, asubuhi moja, mbele ya mtambo wa kuchimba uliozimwa.

Nilikuwa nikitunza nyaraka za mkandarasi mdogo aliyechimba mtaro wa bomba Australia Magharibi. Siku moja mzee aliyekuja na wakaguzi wa urithi wa kale alipiga goti akatuonyesha vipande vya jiwe vyenye makali, vidogo kama ukucha wa kidole gumba, vimetapakaa kwenye udongo mwekundu. Vilichongwa na mikono ya watu wake. Kazi ikasimama, na ilistahili kusimama. Bosi akampigia wakili wa ardhi, mtu hodari, akaongea na wazee kwa heshima mpaka njia ya bomba ikasogezwa. Lakini mkataba wa ujenzi ulitaka taarifa ya maandishi ya ucheleweshaji ndani ya siku chache, na hakuna aliyeiandika. Wakili wa ardhi alidhani wa mikataba ameshughulikia, na wa mikataba hata simu hakupigiwa. Tulisimama siku 9. Fidia ya kuchelewa tukakatwa kwa siku zote 9.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ofisi ina sifa gani, uliza kama wakili wake wa ardhi na wakili wake wa ujenzi wamewahi kushika faili moja. Omba wakueleze, bila kutaja siri za mteja, ni kazi gani, na siku ya kazi kusimama nani aliandika taarifa. Wakianza kutazamana, umeshapata jibu lako.

Wewe nawe usiende mikono mitupu. Jambo la kujua mapema ni historia ya kipande chenyewe cha ardhi. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Australia katika kesi ya Mabo, ya Juni 3, 1992, ilifuta dhana kwamba Australia haikuwa na wenyewe Waingereza walipofika, na sheria ya haki hizo ikatungwa 1993. Ardhi iliyokwisha kutolewa kwa umiliki kamili kwa kawaida haki hiyo imekufa juu yake. Ardhi iliyokodishwa kwa malisho ni habari nyingine: hukumu ya Wik ya 1996 ilisema si lazima ukodishaji wa namna hiyo uue haki ya wenyeji, vinaweza kukaa pamoja. Baraza la kitaifa linaloshughulikia haki hizo (National Native Title Tribunal) huweka daftari za madai, maamuzi na makubaliano, na mtu yeyote anaweza kuzipekua. Chapisha ramani ya eneo lako, uichore njia ya mradi juu yake kwa kalamu, uende nayo. Saa moja ya wakili inayotumika kutafuta ramani ni pesa zako.

Wengi hukosea hapa: wakisikia haki ya ardhi imekufa, wanadhani wamemaliza. Sheria ya kulinda urithi wa kale ni nyingine kabisa. Ile ya Australia Magharibi ya 1972 inalinda maeneo matakatifu na ya kale hata kwenye ardhi ya mtu binafsi. Na kibali peke yake hakitoshi kukutuliza. Mei 2020 kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, Australia Magharibi, ambayo watu waliyatumia tangu miaka 46,000 iliyopita, ikiwa na kibali halali cha tangu 2013. Watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura walipoteza kisichorudishika, na wakubwa wa kampuni, mkurugenzi mkuu akiwemo, wakaondoka. Wakili anayekuambia "kibali tunacho, endelea" bila kuuliza wazee wanasemaje leo, mimi simpi kazi.

Jua pia unazungumza na nani. Haki ikishathibitishwa, kwa kawaida husimamiwa na shirika lililosajiliwa la wenyeji wenyewe. Kabla ya hapo kuna wadai waliosajiliwa, na mara nyingi nyuma yao kuna baraza la ardhi kama Kimberley Land Council au Central Land Council. Wana mawakili wao. Aliyekulia kijijini kwetu, ambako mpaka wa shamba ni mbuyu na ushahidi ni kumbukumbu ya bibi, hatashangaa kwamba kikao huchukua muda. Nenda mapema, nenda mwenyewe, sikiliza. Wakili asiwe sura ya kwanza wanayoiona.

Mgongano wa maslahi uulizwe kabla hujatoa siri yoyote. Ofisi nyingi kubwa hutetea migodi na serikali; nyingine, kama Chalk & Behrendt, zinajulikana kwa kuwasimamia wenyeji. Ukiwa mkandarasi mdogo, mwajiri wako mkuu huenda ni mteja wa ofisi hiyohiyo unayoikimbilia, nawe huenda siku moja ukahitaji kumdai.

Kuhusu muda, usikubali ratiba ya ujenzi isiyojua saa ya ardhi. Pale sheria inapowapa wenyeji haki ya kujadiliana, hasa kwenye vibali vya uchimbaji madini, tangazo hutolewa, wenye madai hupewa miezi 3 kufungua dai, nalo liwe limesajiliwa miezi 4 ikitimia, na huwezi kuomba uamuzi wa lile baraza la kitaifa kabla miezi 6 haijapita. Makubaliano ya hiari ya matumizi ya ardhi hufunga watu wote wenye haki yakishasajiliwa, ila aina iitwayo makubaliano ya eneo hutangazwa kwanza miezi 3. Upande wa malipo ya ujenzi saa inakimbia: jimbo la New South Wales, anayedaiwa ana siku 10 za kazi kujibu dai la malipo, Australia Magharibi siku 15 za kazi, na akinyamaza anaweza kudaiwa kiasi chote.

Muulize wakili pia nani atalipa fidia ikidaiwa baadaye. Mwaka 2019, kwa barabara, majengo na ugawaji wa viwanja katika mji wa Timber Creek, Northern Territory, Mahakama Kuu ya Australia iliwapa Wangaliwurru na Wanungali takriban dola milioni 2.53, na milioni 1.3 kati ya hizo ni kwa maumivu ya kutenganishwa na ardhi yao. Pale aliyelipa ni serikali ya Northern Territory. Kwenye mkataba wako mzigo huo huenda umesukumwa kwako, katika kifungu cha kurasa za mwisho, maandishi madogo. Kipigie mstari kabla ya kikao cha kwanza, na kiwe ndicho cha kwanza unachomwonyesha.