Panga blogu yako ya mitindo kama kanga: pindo, mji na jina

Kabla hujawasha kompyuta, tandaza kanga kitandani uitazame. Pindo limeizunguka pande zote nne. Katikati kuna mji, ndipo linapokaa ua au korosho. Chini ya mji, juu kidogo ya pindo, kuna jina: maneno machache, herufi kubwa, hayana mbwembwe. Jicho halihangaiki, linajua pa kuanzia.

Napiga picha za mavazi na kuwapangia watu kurasa za mitindo hapa Mtwara mjini, na kila ninapokwama huirudia kanga. Kurasa nyingi zinazochosha macho zina kasoro moja tu: hazina mji. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo. Niliweka picha ya mawimbi nyuma ya maandishi, rangi tele, na picha nzito nilizozitoa moja kwa moja kwenye kamera. Mama yangu mdogo aliufungua akiwa Newala, akasubiri, akasubiri tena, kisha akanipigia simu: "Mwanangu, mbona nguo zenyewe sizioni?" Swali lile ndilo lililonifundisha kazi hii.

Hatua ya 1: Chora kwenye karatasi, kwa umbo la simu

Chukua karatasi, ikunje kwa urefu mara mbili ili upate kipande chembamba, mfano wa skrini ya simu. Wasomaji wako wengi watakusoma kwenye simu, wakiwa dukani, kwenye daladala au nje barazani. Ukianza na kompyuta utapanga vitu vitatu ubavu kwa ubavu, halafu vikifika kwenye simu vinapandana.

Chora mambo manne tu, kuanzia juu: jina la blogu, picha moja kubwa, kichwa cha habari, mistari michache ya maelezo. Huo ndio mji wako. Safu ya pembeni yenye kalenda, saa na matangazo iache. Kwenye simu hushuka hadi chini kabisa mahali ambapo hakuna anayefika, na kwenye kompyuta inainyang'anya nguo nafasi.

Hatua ya 2: Chagua pa kujenga

Hapa usikae sana. Blogger ya Google ni ya bure na inamtosha anayeanza. WordPress ina uwanja mpana zaidi wa kubadilisha mambo. Kokote utakakokwenda, chukua kiolezo (mpangilio ulioandaliwa tayari) chepesi chenye safu moja na nafasi nyeupe ya kutosha, kisha upunguze vitu badala ya kuongeza.

Jambo moja la nje ya usanifu: Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, na zimeshabadilishwa. Waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama blogu ya aina yako inahitaji leseni kabla hujaanza kuchapisha.

Hatua ya 3: Picha, na hapa ndipo pa kukaa

Mpangilio hauwezi kuiokoa picha mbaya. Nimewahi kubadilisha violezo vitatu kwa dada mmoja wa Chikongola, kumbe tatizo lilikuwa picha zake zote zilipigwa mchana wa saa saba. Huku kwetu, hasa Oktoba na Februari, jua la adhuhuri hukaa karibu utosini kabisa. Macho yanaingia kivulini, na kitambaa cheupe kinaungua kwa mwanga mpaka ushonaji hauonekani. Piga kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Kama ni lazima mchana, ingia kwenye kivuli cha baraza na umgeuze mvaaji atazame upande wenye mwanga.

Ukuta wa nyuma nao ni sehemu ya mpangilio. Kitenge chenye maua mengi kinataka ukuta uliotulia, na kuta kuukuu za mawe ya matumbawe na chokaa pale Mikindani zinafaa mno kwa kazi hiyo. Nguo ya rangi moja ndiyo inayoweza kusimama mbele ya mlango wa nakshi bila kumezwa. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, na kwa yeyote ambaye sura yake itaonekana.

Kwa kila vazi piga picha tatu: mwili mzima kuanzia kichwani hadi viatuni, mgongo, na moja ya karibu kabisa inayoonyesha shingo, mkono au zipu ilivyokaa. Hii ya tatu watu huisahau, na ndiyo ambayo msomaji huipeleka kwa fundi wake.

Sasa zikate zote kwa umbo moja. Mimi hutumia 4 kwa 5, yaani pikseli (nukta za picha) 1200 kwa 1500. Picha zenye maumbo tofauti zikipangwa pamoja hufanana na nguo zilizoanikwa kwa haraka mvua ikija. Zikiwa umbo moja, hata picha za kawaida huonekana zimepangwa na mtu anayejua anachofanya.

Halafu zipunguze uzito. Picha nane za simu zenye MB 4 kila moja ni MB 32, na hilo ni bando la mtu. Ukizishusha hadi KB 150 kila moja, zote nane hazizidi MB 1.2. Squoosh hufanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Punguza ubora polepole huku ukitazama nyuzi za kitambaa, na zikianza kufifia, rudi nyuma kidogo.

Hatua ya 4: Rangi tatu, basi

Vitenge vina rangi za kutosha, kwa hiyo ukurasa wenyewe unyamaze. Mimi nina rangi ya nyuma inayokaribia nyeupe (#FAF7F2, namba ya rangi unayoiandika kwenye mipangilio), ya maandishi inayokaribia nyeusi (#222222), na moja ya kukoleza kwa ajili ya viungo (linki) na vitufe. Yangu ya kukoleza ni wekundu wa bibo lililoiva sana, #B8321F. Nimelitazama bibo tangu utotoni, na kila msimu wa korosho huniambia kuwa sikukosea.

Kuna kipimo kinachotumika kimataifa: maandishi ya kawaida yapishane kimwanga na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Njano juu ya nyeupe haifiki hata karibu. Toka nje na simu yako juani. Usichoweza kukisoma hapo, msomaji wako hatakisoma.

Hatua ya 5: Herufi

Jina la kanga huandikwa kwa herufi zilizo wazi kwa sababu limekusudiwa kusomwa na mtu anayepita. Fuata njia hiyo. Chagua fonti mbili: moja yenye umbo kwa vichwa vya habari, kama Playfair Display, na nyingine nyepesi kusoma kwa maelezo, kama Open Sans. Maelezo yawe na ukubwa wa pikseli 16 hadi 18, na nafasi kati ya mistari iwe mara 1.5 hivi. Herufi za mkono zilizopindapinda ziache kwenye kadi za harusi.

Hatua ya 6: Pindo

Pindo la ukurasa ni nafasi tupu. Acha pikseli 16 hadi 20 kushoto na kulia, na mara mbili ya hapo kati ya picha na maandishi. Wateja wangu hupinga hatua hii kuliko zote, wanaona nafasi inapotea bure. Nawaambia wavae kanga isiyo na pindo waone. Ukubwa wa nafasi hizo uwe uleule ukurasa mzima. Zikibadilika kila mahali, msomaji atahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukitaja.

Hatua ya 7: Menyu na maneno

Menyu isizidi vitu vinne. Yangu ni Mishono, Mtumba, Jinsi ya Kuvaa, na Kunihusu. Kitufe cha WhatsApp kikae chini ya kila vazi, kikubwa kiasi cha kubonyezwa na kidole gumba, pikseli 48 kwenda juu.

Kichwa cha habari kitaje nguo na shughuli yake: "Gauni la kitenge kwa harusi ya mchana" kinamwambia msomaji mengi kuliko "Mwonekano wangu wa leo". Chini ya picha, andika kitambaa ni yadi ngapi, ulikipata wapi, fundi alichukua siku ngapi na ulilipa kiasi gani. Nawasihi msifiche bei. Binti anayetaka kushona nguo ya mahafali anahitaji kujua kama pesa yake itatosha.

Faili la picha nalo lipe jina linaloeleweka, kwa mfano gauni-la-kitenge-mtwara, na ujaze sehemu ya maelezo ya picha. Asiyeona husomewa maelezo hayo na simu yake, na injini za utafutaji huyatumia pia.

Hatua ya 8: Mpe mwingine simu

Azima simu ya mtu mwenye simu ya kawaida, zima Wi-Fi, fungua blogu yako kwa bando lake baada ya kumwongezea kidogo. Mwachie. Usimwelekeze, usimwambie abonyeze wapi. Tazama kidole chake kinasimama wapi. Kisha mwulize maswali mawili: umeona nguo gani kwanza, na ukitaka kama hiyo ungefanyaje?

Akitaja nguo uliyoikusudia na akakipata kitufe mwenyewe, chapisha. Akianza kwa kutaja rangi ya ukurasa au picha iliyochelewa kufunguka, rudi hatua ya 3 au ya 4, badilisha kitu kimoja tu, kisha umpe simu mtu mwingine ambaye hajauona ukurasa. Mimi bado humtumia mama mdogo wa Newala kabla ya mtu yeyote.