Jinsi ya kuwafundisha vijana maisha ya Mchungaji Niemöller

Nafundisha vijana Jumapili baada ya ibada ya pili, usharikani kwetu Tabata. Martin Niemöller, mchungaji wa Ujerumani aliyempigia kura Hitler kisha akafungwa naye, aligeuka-geuka mno; usimfundishe kwa kusoma karatasi. Watasinzia, hasa na joto la Februari.

Funga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirisha hadi dirisha. Kata manila vipande, ning'iniza kwa vibanio. Cha kwanza: nahodha wa nyambizi ya Ujerumani, Vita vya Kwanza. Kisha uchungaji. Kisha Machi 1933, kura kwa chama cha Hitler. Hicho usikiruke. Mimi nilikiruka kwa aibu, binti mmoja akakitafuta kwenye simu, nikaumbuka.

Kaa sana kwenye mwaka huo. Wafuasi wa Hitler ndani ya kanisa walitaka wachungaji wenye asili ya Kiyahudi waondolewe, yeye akapinga. Lakini alitetea kanisa, si Wayahudi wote. Uliza: hapo alikuwa upande gani? Halafu nyamaza dakika kumi, hata kama feni tu ndiyo inasikika. Mwaka 1937 anakamatwa. 1939, akiwa mfungwa katika kambi ya mateso, anajitolea kurudi jeshi la maji. Watapiga kelele. Waache.

Baada ya 1945 nenda haraka: ungamo la Stuttgart (kanisa la Kiprotestanti la Ujerumani likikiri hatia yake), safari ya Moscow 1952, kupinga silaha za nyuklia.

Watauliza kuhusu wachungaji wetu na TANU. Mimi huwatuma kwa wazee wa usharika, na daftari mkononi.