Somo: Umeona samaki wa ajabu bwawani? Mtambue hivi

Masika yakishafurisha mto Mpologoma, picha huanza kuingia kwenye simu yangu: "Mwalimu, huyu ni nyoka au samaki?" Nyingi zimepigwa jioni, samaki keshakufa, na mkono uliomshika umefunika mapezi yote. Picha ya namna hiyo haisemi kitu. Huku kwetu mashariki mwa Uganda, kuanzia Busia hadi Pallisa, mgeni wa kwenye bwawa la kijiji au shimo la matofali mara nyingi huwa kamongo au kambare. Hata hivyo, mtazame kwanza ndipo umpe jina.

Hatua ya 1: Mchunguze akiwa bado majini

Kaa ukingoni asubuhi, kimya. Kamongo mkubwa ana mapafu na hana budi kupanda kuvuta hewa. Ukimzuia chini atakufa maji, ingawa ni samaki. Pua huchomoza taratibu, mdomo hufunguka, unasikia kabisa akivuta pumzi, kisha anazama na kuacha mapovu. Kambare naye huvuta hewa, ila kwa haraka: anapanda, anageuka, unabaki ukitazama viduara vya maji tu. Ukiona ngege (tilapia) wengi wanahema juu alfajiri, hapo hakuna ajabu. Maji yamepungukiwa hewa. Acha kuweka samadi na uingize maji mapya.

Hatua ya 2: Mvue salama

Tumia wavu au mgono. Sumu ya majani na dawa za shambani ziache kabisa: zinaua bwawa zima, na ng'ombe wanakunywa hapo hapo. Kamongo ana meno yaliyoungana kuwa bamba lenye makali, anauma vibaya, kwa hiyo vidole viwe mbali na mdomo. Kambare ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la kifuani. Mweke kwenye karai pana lenye maji ya bwawa lile lile, ulifunike kwa wavu.

Hatua ya 3: Soma mapezi, kisha mdomo

Hapa ndipo penye jibu. Rangi isikubabaishe, kambare wa maji ya tope huwa amepauka, wa kwenye mafunjo huwa mweusi, na ni samaki yule yule.

Anza mkiani. Je, mkia umejitenga, au pezi la mgongoni limezunguka nyuma likaungana na la chini hadi kwenye ncha? Likiungana, tazama kifuani na tumboni. Ukikuta nyuzi nne ndefu laini, mithili ya kamba za viatu, na hana sharubu, huyo ni kamongo, ambaye Waganda humwita mmamba. Magamba anayo, ila ni madogo na yamezama chini ya ute, ndiyo maana watu huapa kwamba hana. Kamongo mchanga ndiye anayetisha zaidi, kwani ana matamvua ya nje yanayoning'inia pembeni mwa shingo.

Mkia ukiwa wa duara na umejitenga, kichwa kipana, bapa na kigumu, ngozi tupu bila magamba, hesabu sharubu. Zikiwa nane, na pezi la mgongoni likianzia karibu na kichwa hadi karibu na mkia, ni kambare. Sharubu nane pamoja na mkia wa panda na kijipezi cha nyama mgongoni ni semutundu, samaki wa ziwani na mitoni; akionekana bwawani, uliza nani alimleta. Mwenye mdomo mrefu uliochongoka kama mkonga ni kasulubana.

Hatua ya 4: Piga picha na uandike

Mlaze ubavu, kichwa kikielekea kushoto, mapezi yamekunjuliwa, biro kando yake ili ukubwa uonekane. Picha ya pili iwe ya mdomo kwa karibu. Andika kijiji, tarehe, na kijito kinachoingia bwawani. Mahali ni nusu ya jibu: maporomoko ya Murchison kwenye mto Nile yamewatenga samaki wa Ziwa Albert na Nile ya chini na wale wa maziwa ya Kyoga na Victoria tangu zamani. Sangara mwenyewe alikuwa chini ya maporomoko mpaka watu walipompandisha katika karne ya 20, na Ziwa Victoria likapoteza aina nyingi za furu, samaki wadogo aliowala. Kwa hiyo usimhamishie samaki usiyemjua kwenye bwawa jingine, wala mtoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Pallisa: Shimo letu lilikauka kabisa kiangazi. Mvua mbili tu, samaki huyo! Ametoka wapi?

Jibu: Hakutoka popote, ndugu. Kamongo huchimba tope, akajikunja na kujifunika ute unaokauka kuwa gamba, akavuta pumzi kupitia tundu dogo hadi maji yarudi. Wafyatua matofali huwakuta wakichimba udongo. Akiwa kambare, basi ametambaa usiku wa mvua kwenye majani mabichi.

Kutoka Pakwach: Mwalimu, wa kwetu ana sharubu, ni mnene, na kijana aliyemgusa alirushwa mkono. Wazee wanasema ni uchawi.

Jibu: Shikamoo zangu kwa wazee, lakini huo ni umeme. Kambare wa umeme anaishi Nile ya huko kwenu. Ana sharubu sita, na mgongoni hana pezi ila kijipezi cha nyama karibu na mkia. Msimguse kwa mkono wala kwa chuma. Tumieni wavu wenye mpini wa mti mkavu.

Kutoka Iganga: Kambare wangu mmoja ni mweupe pee, macho mekundu. Naweza kumla?

Jibu: Ni zeruzeru. Hutokea, hasa kwa vifaranga vya kununua. Analika kama wenzake, dada.

Kutoka Busia: Mume wangu hataki kamongo aingie jikoni. Nimfanyeje?

Jibu: Kama ni wa ukoo wa Mmamba huko Buganda, huo ni mwiko wake, usibishane naye. Kamongo muuze sokoni ununue ngege.

Kutoka Tororo: Nikishindwa kabisa kumtambua?

Jibu: Peleka picha zote mbili kwa afisa uvuvi wa wilaya. Akikwama, ataziwasilisha kwa taasisi ya utafiti wa uvuvi pale Jinja. Samaki mwenyewe abaki kwenye karai kivulini, umbadilishie maji, na asikaangwe kabla jibu halijaja.